Pikapu Isiyobeba Mzigo

Najua nimepotea, na wengine mlishaanza kuulizana kama nimefukuzwa chuo. Sijafukuzwa jamani! Nilikuwa field, mazoezi ya kufundisha, kwenye sekondari moja kule Bunda. Wiki nane za chaki, Fizikia na Hisabati. Sasa nimerudi kampasi, mavumbi ya Bunda bado yako kwenye viatu, na leo nataka niwape kisa cha pikapu. Kina sehemu za kucheka, na kina sehemu za kuniumbua mwenyewe. Ila nilishaahidi kwamba humu naandika mambo kama yalivyo, basi tuendelee.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kwa wengi wetu pikapu ni gari la kubebea mihogo na mbuzi. Lakini kwa wapiga gitaa pikapu ni kile kidude kirefu cha plastiki kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndani yake kuna sumaku, na kuizunguka sumaku kumesukwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku unavuruga uga wa sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye waya, unakwenda kwenye ampli, ampli inaukuza, spika inalia. Basi. Ni kanuni ileile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Rickenbacker wa Marekani wakaitumia kuuza gitaa ambalo watu walilitania kwa jina la kikaango, maana lilifanana nacho kabisa.

Gitaa langu nililinunua mwaka wa kwanza kwa kaka mmoja aliyekuwa anamaliza chuo. Laki moja na nusu, pamoja na mkoba uliochanika zipu. Ni la Kichina, limeigiza umbo la Fender Stratocaster, pikapu tatu na swichi ya hatua tano. Kwa bei ile sikuwa na la kulalamika. Shingo yake imenyooka, linashika tyuni, na mikono yangu ilishalizoea.

Tatizo lilikuwa sauti. Ukilichomeka tu, kabla hujagusa kitu, linavuma: ng'uuuuu. Ukiongeza volyumu linapiga mluzi. Swichi ikikaa katikati kabisa halitoi chochote, kimya kama kaburi. Likizo iliyopita nilipiga nalo kanisani nyumbani Butiama, na katikati ya maombi mchungaji akafungua jicho moja, akauliza kama kuna nyuki wameingia kwenye spika. Kanisa zima likacheka. Mwenyekiti wa kwaya akanifuata baada ya ibada, akasema kwa upole wa watu wazima, "Mwanangu, Jumapili ijayo tutatumia kinanda peke yake."

Iliniuma. Msicheke, iliniuma kweli. Baba mdogo ndiye aliyenifundisha gitaa nikiwa darasa la tano, kwa gitaa kavu lile wazee wanaloliita galatoni, lenye nyuzi nne badala ya sita. Alinifundisha kwa nyimbo za D.O. Misiani. Kwa wasiomjua, Misiani alizaliwa mwaka 1940 huku huku kwetu Mara, upande wa Shirati. Umaarufu aliupatia Kenya, lakini bendi yake aliiita Shirati Jazz, jina la kwao. Alifariki kwa ajali ya gari Kisumu mwaka 2006. Ukisikiliza solo ya benga utasikia nyatiti ya Wajaluo mle ndani, nyuzi nane zinazodonolewa haraka haraka, kila noti imesimama peke yake. Sasa hebu jaribu kupiga hivyo na gitaa linalovuma kama friji. Noti zote zinazama.

Basi nikaanza kusoma mtandaoni. Kila niliposoma jibu lilikuwa moja: gitaa la bei nafuu, badilisha pikapu. Nikajifunza kwamba za bei rahisi mara nyingi zina vinguzo vya chuma tu, na chini yake imegundishwa sumaku ya seramiki, sauti yake inachoma masikio. Za bei kidogo vinguzo vyenyewe ndiyo sumaku, za alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Nikajifunza pia kuhusu Seth Lover wa kampuni ya Gibson, ambaye mwaka 1955 aliunganisha koili mbili zilizosukwa na kusumakishwa kinyume, ili mvumo unaoingia kwenye moja ufute ule wa nyingine huku sauti ya uzi ikibaki. Nikavutiwa mno. Nikawa naota pikapu. Roommate akaniambia nimerogwa.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu.

Mdogo wangu wa kike alichaguliwa kidato cha tano mwaka huu, shule ya bweni mkoa mwingine. Ada hakuna, lakini mnajua fomu ya kujiunga ilivyo: godoro, shuka, ndoo, jembe, reki, rimu ya karatasi, sare. Baba na mama waligawana. Mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nilisimama pale sebuleni nikasema, "Godoro niachieni mimi. Pesa ya field ikiingia nanunua." Mama akapiga makofi. Mdogo wangu hakusema kitu, ila alitabasamu.

Pesa ikaingia. Duka moja la Kariakoo lilikuwa na seti ya pikapu tatu za alniko, 110,000/-. Nikajidanganya kwa hesabu safi kabisa, mwalimu wa Hisabati: nikiwa na sauti nzuri nitaitwa kwenye harusi Bunda, harusi mbili tu pesa imerudi, godoro nanunua hata kabla hajafungua shule. Nikatuma. Siku tatu baadaye mzigo ukashushwa stendi ya Bweri, Musoma, kaboksi kadogo kama ka dawa ya meno. Harusi hakuna hata moja iliyoniita. Tarehe ya kuripoti ikafika.

Ikabidi nipige simu nyumbani. Mtandao ulikuwa mbovu siku hiyo. Nikamwambia mama, "Mama, pesa ya godoro imepungua, nimenunua pikapu." Mama akauliza, "Pikapu?" Nikasema ndiyo. Simu ikakatika.

Dakika arobaini baadaye baba ananipigia. Sauti imejaa furaha, sijawahi kuisikia vile tangu nipate matokeo ya kidato cha sita. "Mwanangu, mama yako ameniambia. Hongera sana! Inabeba watu wangapi? Maana mahindi yetu tunaweza kuyapeleka wenyewe mpaka Makutano, hawa wenye magari wanatunyonya." Na nyuma yake nasikia sauti za majirani!

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaeleza. Nikasema ni ya gitaa. Ni kidude kidogo. Ni sumaku na waya.

"Sumaku," baba akasema.

"Ndiyo baba."

"Ya shilingi ngapi?"

Nikataja. Kimya. Halafu akasema, "Sawa." Mwenye mzee wa Kizanaki anaijua hiyo "sawa". Afadhali angenitukana. Mdogo wangu akasafiri na godoro la zamani alilokuwa akilalia babu, limekuwa jembamba katikati kama chapati.

Jumamosi iliyofuata nikapanda gari kutoka Bunda kwenda Musoma, gitaa mgongoni, kaboksi mfukoni, na roho nzito. Pale Nyasho kuna fundi mmoja mtu mzima, anatengeneza redio na sabufa, watu walinielekeza kwake. Nikamkuta ana miwani imefungwa kwa waya. Nikamweleza: mzee, naomba unitolee hizi mbovu uniwekee hizi mpya.

Hakugusa zile mpya. Alichomeka gitaa kwenye ampli yake ndogo, likavuma. Akashika nyuzi kwa kiganja. Likaendelea kuvuma vilevile. Akasema, "Ona. Ukishika nyuzi mvumo ungepungua. Haupungui. Waya wa ethi wa daraja umekatika." Akafungua kifuniko cha nyuma, pale penye springi, na kweli, kawaya keusi kalikuwa kananing'inia, risasi imebanduka. Akakalehemu. Sekunde kumi. Akachomeka tena. Jamani, mvumo haukuisha wote, ila sehemu kubwa ilikwenda zake, na ukishika nyuzi unakuwa kidogo kabisa.

Hapo hapo akanionya kitu ambacho nawapeni bure. Nyuzi za gitaa zimeungana na ethi, na ethi inapita kwenye waya mpaka kwenye ampli. Kama ampli yako au soketi ya kanisani haina ethi ya kweli, na ndani kuna hitilafu, umeme wa volti 230 unaweza kukufikia kwenye vidole. Ukishika gitaa huku mdomo uko kwenye maiki ukasikia unachonyotwa, usiombee, zima!

Kisha akafungua ule ubao wa plastiki wa mbele, skrubu kumi na moja, akachukua mita akapima pikapu za zamani moja moja. Ya shingoni, ohm 5,600. Ya darajani, ohm 5,900. Ya katikati, mita haikusoma kitu. Akainua macho.

"Mura, hizi mbili nzima. Imekufa hii moja tu. Nani alikwambia zote mbovu?"

"Nilisoma mtandaoni, mzee."

"Huko mtandaoni walilishika gitaa lako?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza na ule mluzi je? Akasema mluzi unatokana na waya wa koili kulegea, sauti kubwa ikija unatikisika wenyewe kama maiki. Dawa yake ni nta. Akanituma mishumaa sokoni, akachanganya na nta kidogo ya nyuki, akayeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Alisisitiza nisije nikaweka kopo motoni moja kwa moja, nta hushika moto na plastiki ya pikapu hupinda. Nta isizidi joto la nyuzi 65 hivi. Akaizamisha ile ya darajani kama dakika kumi, mpaka viputo vya hewa vikaacha kutoka, akaifuta, akaiacha ipoe. Mluzi ukatoweka.

Kwa hiyo tupige hesabu pamoja wadau. Waya wa ethi, bure. Mishumaa na nta, chini ya elfu tatu. Pikapu moja ya katikati, ningeipata kwa elfu thelathini hivi. Inayobaki ni godoro na chenji ya soda. Nilikaa kwenye ile benchi ya fundi nikatazama kaboksi langu, sikulipenda hata kidogo.

Kurudisha dukani haiwezekani, bidhaa ikishauzwa imeuzwa. Basi tukaziweka zile mpya. Nikapiga picha nyaya zote kwa simu kabla hajagusa, maana zilikuwa kama utumbo wa kuku. Mara ya kwanza tulipojaribu, mbili zikiwashwa pamoja sauti ilikuwa nyembamba kama ya simu ya kopo. Fundi akacheka, kumbe nyaya mbili za pikapu moja zimewekwa kinyume, mawimbi yanafutana. Akazibadilisha. Ikakaa sawa.

Na hapa lazima niwe mkweli: ni nzuri. Ni nzuri kuliko zile za zamani hata baada ya kutengenezwa. Nyuzi nyembamba hazichomi tena. Noti inasimama, inasikika mwanzo wake na mwisho wake. Ya katikati imesukwa kinyume na wenzake, kwa hiyo swichi ikiwa hatua ya pili au ya nne mvumo unafutika kabisa, ujanja uleule wa Lover. Nilipiga vipande viwili vya benga, fundi akatikisa kichwa kwa mdundo. Alinitoza elfu nane. Pikapu za zamani akazifunga kwenye gazeti, akasema, "Kitu kizima hakitupwi."

Hayo maneno ndiyo yaliyoniokoa wiki iliyofuata. Kidato cha nne, mada ya kuzalisha umeme kwa sumaku, na msimamizi kutoka chuoni anakuja kunikagua. Galvanomita pekee ya maabara, mshale umeganda. Wanafunzi 62. Nikabeba ile pikapu ya darajani iliyozamishwa nta, nikaunganisha na spika ndogo ya kuchaji, nikaweka mezani. Nikaigonga polepole kwa bisibisi, spika ikalia. Darasa likashtuka. Nikatoa uma wa kupimia sauti, wa chuma, nikaugonga na kuusogeza juu ya pikapu bila kugusa. Spika ikaimba. Nikauliza, nini kimepita hapo katikati, maana uma haujagusa kitu? Nikajaribu na kijiko cha alumini, kimya. Binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa wiki nne hakuwahi kunyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, basi nyuzi za nailoni hazitalia." Nikakaribia kumkumbatia.

Ile iliyokufa tukaifungua. Waya wake ni mwembamba kama unywele, kipenyo kama milimita 0.063, na mita moja ya waya wa aina hiyo ina ohm kama 5.4. Nikawaambia wapige hesabu: kama pikapu nzima ina ohm 5,900, waya una urefu gani? Wakagawa. Karibu mita 1,100. Zaidi ya kilomita moja, ndani ya kitu kinachoenea kiganjani! Kelele zake zilifika ofisi ya walimu.

Msimamizi aliandika kwamba zana ni nzuri, lakini nilichanganya sana Kiswahili. Ni kweli, lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza na nilikosea utaratibu. Ila nilijisemea moyoni, Mwalimu wa Butiama alimtafsiri Shakespeare, Julius Caesar mzima, mimi ni nani nishindwe kueleza sumaku kwa watoto wa Bunda kwa lugha waliyoamkia? Teh teh teh. Kwake sikusema, nilisaini tu.

Jumapili ya mwisho ya field nikaenda nyumbani, Bunda mpaka Makutano, halafu bodaboda mpaka Butiama. Nilipiga kanisani, na nyuki hawakuja. Mwenyekiti wa kwaya alinipa mkono. Baba mdogo alikaa benchi la mbele, sikio lake la kulia siku hizi halisikii vizuri, kwa hiyo aligeuza la kushoto upande wa spika mpaka mwisho. Baba alikuwepo pia. Jioni, tukila, aliniambia, "Nimesikia hiyo sumaku yako." Nikangoja aendelee. Akaomba mboga.

Godoro nililinunua Septemba, kwa pesa ya kula iliyobaki na vipindi vya tuisheni nilivyofundisha jioni pale Bunda. Inchi nne, gumu, zuri. Nikalituma kwa basi. Yaani mdogo wangu alilalia ile chapati ya babu wiki saba. Nilitunga maneno mengi ya kumwomba radhi, nikayaandika kabisa kwenye daftari.

Juzi akapiga kwa simu ya matroni, dakika moja tu wanapewa. Sikupata nafasi ya kusoma daftari langu.

"Kaka shikamoo. Godoro limefika, asante."

"Marahaba. Mdogo wangu, mimi nili..."

"Na hiyo pikapu yako," akanikatiza, nasikia wenzake wanacheka nyuma yake, "inabeba watu wangapi?"

Dakika ikaisha.

Haya wadau, kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Wenye magitaa, shikeni nyuzi kwanza msikilize mvumo kabla hamjatoa pesa. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda. Alamsiki.